Zine ya etnografia na hadithi: kipi kweli, kipi cha kubuni, na mnaitengenezaje pamoja

Ikitajwa zine inayochanganya etnografia na hadithi ya kubuni, swali la kwanza huwa ni lile lile: sasa hiyo ni kweli au ni chai? Na swali ni la haki kabisa, maana mtandaoni mtu anatunga kisa chake, juu anakiandika "kisa cha kweli", watu wanalia, wanashea, halafu baadaye inakuja kujulikana hakuna kitu kama hicho. Kwa hiyo mtu akisikia kuna kikundi kimekaa na watu, kimeandika maisha yao, halafu humo humo kikaingiza mambo ya kutunga, anaona hapa nadanganywa kisomi. Upande mwingine kuna wanaodhani zine ni mchezo tu wa kukata magazeti na kubandika, hamna la maana ndani. Naona pande zote mbili zinakosa kitu kizuri sana, basi ngoja nifafanue taratibu.

Zine ni kijitabu ambacho watu wanakitengeneza wenyewe, kwa mkono au kwa fotokopi, nakala chache, bila kampuni ya uchapishaji na bila mtu wa juu wa kuwaambia hili litoke na hili lisitoke. Sio jambo la jana. Mwaka 1930 huko Chicago wapenzi wa hadithi za kisayansi walianza kutoa chao kinaitwa The Comet, ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha aina hiyo, na enzi hizo watu walikuwa wanatumia mashine za stensili. Mwaka 1959 Xerox wakatoa mashine yao ya 914, ikawa kunakili kwenye karatasi ya kawaida ni kubonyeza kitufe tu, na ilipofika 1976 mashabiki wa muziki wa punk kule London na New York walikuwa wanatoa za kwao, mwandiko wa mkono, picha za kukata, herufi zimekaa upande. Ndo maana mpaka leo zine inakuwa na ile sura ya kubandikwa bandikwa. Sura hiyo ilitokana na vifaa walivyokuwa navyo, ila ina faida moja kubwa kwa hiki tunachozungumzia, nitaifikia.

Etnografia nayo ni kukaa na watu, muda wa kutosha, unaangalia, unasikiliza, unashiriki wanachofanya, halafu unaandika jinsi wanavyoishi na jinsi wao wenyewe wanavyoyaelewa maisha yao. Hiyo sehemu ya mwisho ndo yenye uzito. Hojaji inakuja na maswali yake tayari na majibu ya kuweka tiki, etnografia inakuja bila kujua swali lenyewe ni lipi mpaka ikae. Bronisław Malinowski ndo anatajwa sana hapa, alikaa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akatoa kitabu 1922, na kutokana na watu wa kizazi chake kukabaki dhana kwamba etnografia ni mzungu kwenda mbali kuandika "makabila". Dhana hiyo ilishapitwa zamani. Jomo Kenyatta kabla hata hajawa rais alisoma kwa Malinowski huyo huyo London, na mwaka 1938 akatoa kitabu cha etnografia kuhusu Wakikuyu, yaani watu wake mwenyewe. Kwa hiyo unaweza kuandika kuhusu kwenu, kuhusu kazini kwako, kuhusu foleni unayosimama kila wiki.

Na hadithi ya kubuni tunaijua wote, mtu anatunga wahusika na matukio. Shida inaanza tunapoviweka hivi vitu viwili kwenye karatasi moja.

Mimi naielewa hivi. Mgeni amekuuliza njia, unachukua kijiti unamchorea chini. Huchori kila nyumba, huchori kwa vipimo, barabara iliyopindapinda unainyoosha, mti mmoja unaukuza kuliko nyumba nzima kwa sababu ndo alama yake. Hakuna anayekwambia umedanganya, kwa sababu akiifuata anafika. Ila ukimchorea kona ambayo haipo, hapo umempoteza, hata kama mchoro ni mzuri kiasi gani. Bunilizi ndani ya etnografia inafanya kazi namna hiyo: inaruhusiwa kunyoosha, kukuza, kuacha, lakini msomaji akifuata lazima afike kwenye maisha yale yale mliyoyaona.

Na sio sisi wa kwanza kujaribu. Mwandishi Mmarekani Zora Neale Hurston alisoma anthropolojia, yaani elimu ya watu na tamaduni zao, kwa Franz Boas, akaenda kukusanya ngano, zile hadithi za mapokeo, Florida alikokulia, 1935 akatoa kitabu cha ngano hizo ambamo yeye mwenyewe ni mhusika anayetembea kati ya wasimuliaji, halafu 1937 akatoa riwaya inayotokea Florida hiyo hiyo. Laura Bohannan aliyeishi na Wativ wa Nigeria alitoa 1954 kitabu kinachosomeka kama riwaya kuhusu maisha yake kule, na akatumia jina la bandia, Elenore Smith Bowen. Ninayempenda zaidi ni Horace Miner, mwaka 1956 aliandika makala kwenye jarida kubwa la anthropolojia kuhusu watu wa Nacirema, wenye kisanduku cha hirizi kimejengewa ukutani na ibada ya kila siku ya kuingiza kitita cha manyoya ya nguruwe mdomoni pamoja na unga wa kimiujiza. Ukilisoma jina kinyumenyume unapata "American", unagundua ni Wamarekani hao, wanapiga mswaki. Alichoangalia ni kweli tupu, alichotunga ni jicho la mgeni tu, na hilo jicho ndo lililofanya watu waone upya kitu wanachokifanya kila asubuhi.

Sasa kwa nini mtu achanganye, kwa nini asiandike tu alichoona? Sababu ya kwanza ni kuwalinda watu. Ya pili ni kwamba daftari lako halina uwezo wa kuingia kichwani mwa mtu, wewe umemwona anafungua bahasha mara nne, hujui alikuwa anawaza nini, na ukiandika "aliogopa" kwenye ripoti umeshatunga bila kukiri, wakati hadithi inakupa ruhusa ya kuwaza kwa niaba yake waziwazi na msomaji anajua hapa wamewaza. Ya tatu, kuna mambo ambayo yametawanyika kwa watu kumi, kila mmoja ana kipande kidogo, na hadithi moja inaweza kuyabeba yote bila msomaji kuchoka.

Tuseme mko watano, mmeamua kuangalia chumba cha kusubiria kwenye ofisi ya huduma fulani. Kila mmoja aende na daftari, ukurasa ameugawa mara tatu kwa rula: nilichoona, nilichosikia, nilichofikiri. Mgawo huu unaonekana wa kitoto lakini msiuruke, maana ndo utakaowaokoa baadaye mkianza kubishana kipi kilitokea kweli. Pale pale unaandika vifupi vifupi, maneno na alama tu, kisha siku hiyo hiyo kabla hujalala unakaa unaandika kwa urefu, kwa sababu ukilala nayo asubuhi utakuta nusu imeshajitengeneza upya yenyewe.

Daftari la mmoja linaweza kusema hivi. Nilichoona: mzee ameingia, viti vimejaa, hakuna mstari. Amebaki amesimama mlangoni. Nilichosikia: "Wa mwisho nani?" Mwanamke wa shati la njano amenyanyua kidole bila kuinua macho kwenye simu. Nilichoona: mzee ameenda kukaa upande mwingine kabisa wa chumba, lakini kila baada ya muda anamtazama yule wa shati la njano. Nilichofikiri: foleni haipo sakafuni, ipo kichwani, kila mtu anambeba mmoja tu aliye mbele yake.

Hapo sasa mmepata kitu cha kietnografia kabisa, sheria ambayo haijabandikwa ukutani popote na wote wanaifuata. Mkirudi mkaweka madaftari mezani mnakuta na wengine wameona vipande vya jambo hilo hilo, mmoja kamwona mtu anatoka nje kupokea simu anamwachia jirani nafasi yake, mwingine kasikia ugomvi wa "mimi nilikuwa nyuma ya yule aliyeondoka". Hapo ndo hadithi inazaliwa: mwanamke wa shati la njano anachoka, anaondoka zake nyumbani bila kumwambia mtu, na mzee aliyekuwa amemshikilia yeye tu anabaki ndani ya chumba kilichojaa hajui tena yuko wapi. Yule mwanamke kuondoka hamkuona. Ila sheria inayofanya kuondoka kwake kuwe janga mmeiona, mmeisikia, mnayo kwenye madaftari matatu. Barabara mmeinyoosha, kona iko pale pale.

Kwenye kuandika pamoja, kikundi kinaweza kutumia mchezo wa wasanii wa surrealisti, wale waliopenda mambo ya ndoto na ya kubahatisha, wa Paris wa miaka ya 1920, karatasi inazunguka, kila mtu anaandika kipande, anakunja kubakiza mstari wa mwisho tu, anampa anayefuata. Unafaa sana kuvunja aibu siku ya kwanza, na unatoa sentensi ambazo hakuna mmoja wenu angezitunga peke yake. Lakini msiutegemee kwa zine nzima. Watu wanadhani kushirikiana maana yake kila mtu aandike kila kitu kwa kura, matokeo yake maandishi yanakuwa hayana ladha, yamelainishwa mpaka basi. Afadhali mmoja ashike hadithi, mwingine ashike michoro, mwingine apange kurasa, mwingine kazi yake iwe kulinda madaftari, yaani akikuta kona isiyokuwepo aseme hapana na asikilizwe. Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko anayejua kuchora, namaanisha.

Na watu mnaowaandika je? Mkiweza, nao wawe watengenezaji, wakae mezani na mkasi wao. Mzee akisoma hadithi akasema "mimi nisingebaki nimekaa, ningepiga kelele", mna chaguo zuri sana ambalo kitabu cha kawaida hakina: ukurasa wa kushoto mnaweka hadithi yenu, wa kulia mnaweka yake kwa mwandiko wake, zinatazamana. Msiwapatanishe. Kutokubaliana huko nako ni habari kuhusu chumba kile.

Ruhusa ziwe mbili na muziombe mbali mbali. Moja ni ya kuangaliwa na kuandikwa, ya pili ni ya kutiwa kwenye hadithi ya kubuni, kwa sababu mtu anaweza kukubali ile ya kwanza kwa moyo mweupe halafu akashtuka akijikuta kwenye hadithi anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Msomeeni kabla ya kunakili, sio baada. Na aweze kukataa hata dakika ya mwisho bila kulazimika kueleza sababu.

Hapa pana imani moja inayoumiza watu: kwamba ukibadilisha jina umemficha mtu. Kama pale kazini kuna mlinzi mmoja tu anayetembelea mkongojo na anapenda kuimba, mpe jina lolote, kila anayepita pale atamjua kwenye mstari wa pili. Kumficha ni kubadilisha vitu vinavyomtambulisha, umri, kazi, jinsia, pengine kumgawa mtu mmoja kuwa wahusika wawili au kuwaunganisha watatu wawe mmoja. Na hapo ndo bunilizi inapokuwa ngao ya kweli kweli, sio urembo. Kisichobadilishwa ni ule uhusiano unaofanya hadithi iwe na maana, kama mlinzi ana nguvu ya kumwingiza mtu au kumzuia basi mhusika wenu awe na nguvu hiyo hiyo, hata mkimfanya msichana wa mapokezi. Picha za sura nazo, watu wanadhani fotokopi ikishazikwaruza hazitambuliki, zinatambulika vizuri tu. Weka karatasi nyepesi juu ya picha, fuatisha mikono, mkao, viatu, mfuko, uso uache mtupu.

Lingine ni lile la "kama ni hadithi basi chochote kinaruhusiwa". Hapana, kuna mkataba na msomaji na lazima uandikwe. Nasema lazima kwa sababu zine isiyo na huo mkataba mimi naiona haina tofauti na kile kisa cha mtandaoni cha "kweli tupu". Ukurasa mmoja, mwanzoni au mwishoni, useme kwa lugha ya kawaida: tulikaa wapi kwa ujumla wake, nani alishiriki, maneno gani ni ya watu wenyewe, wahusika gani wameunganishwa, tukio gani hatukuliona. Sio lazima mfichue nani ni nani, mnafichua namna mlivyochanganya.

Halafu kuna ile faida niliyosema ya kutengeneza kwa mkono. Kitabu kilichochapwa kiwandani kinafanya kila kitu kionekane kimoja, herufi zile zile, karatasi ile ile, kweli na kubuni vimevaa sare. Zine ya mkono inaweza kuonyesha maungio. Dondoo za daftari ziwe kwa mwandiko wa mkono, hadithi iwe kwa taipu. Maneno yaliyosemwa kweli yapigiwe mstari kwa kalamu moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mnaweza kubandika bahasha ndogo ndani ya kava yenye nakala ya ukurasa wa daftari, msomaji akimaliza hadithi anaichomoa anasoma ilipotoka. Au hadithi iandikwe kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, ilalie juu ya ukurasa wa daftari, ukisoma ya juu unaona kivuli cha ya chini, ukiifunua unakuta "wa mwisho nani?" kama ilivyoandikwa siku ile. Mkikosa karatasi hiyo, kipande cha kukunja kilichobandikwa upande mmoja kinafanya kazi ile ile. Msomaji hahitaji kuambiwa kwa maneno hapa ni kweli na hapa ni kubuni, kidole chake kinagusa mpaka.

Upande wa ufundi watu wanajitisha bure. Hamhitaji kompyuta wala kipaji cha kuchora. Kama ni mara ya kwanza chukueni karatasi moja ya A4, ikunjeni mpaka ipate vyumba nane, mkate mstari wa katikati kwenye vyumba vinne vya kati tu, mkunje kwa urefu, msukume ncha mbili zikutane, inakuwa kijitabu cha kurasa nane bila pini wala gundi. Hiyo inatosha hadithi moja fupi na mkataba wake.

Mkitaka kubwa zaidi, karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati zinatoa kurasa 16 za A5, na hapa ndo wengi wanapotea kwa sababu kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi hazifuatani. Karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Kanuni ni kwamba namba mbili zinazokaa pamoja zikijumlishwa daima zinatoa idadi ya kurasa kujumlisha moja, kwa hiyo hapa ni 17, mkikuta 18 mahali kuna kosa. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Kabla ya kubandika chochote kunjeni zine tupu ya majaribio, muandike namba kwenye kila ukurasa kwa penseli, halafu muifungue, itawaambia yenyewe nani anakaa na nani. Mchoro wa kurasa mbili mzima muuweke 8 na 9, katikati kabisa, ndo sehemu pekee ambayo kurasa mbili zinazotazamana zimo kwenye karatasi moja upande mmoja.

Acheni nafasi kama sentimita moja pembeni kote, mashine nyingi za fotokopi hazifiki ukingoni na mstari wa mwisho utaliwa. Mistari ya kupangia ichoreni kwa penseli ya bluu hafifu, mashine ya nyeusi na nyeupe huwa haiioni. Vivuli vya kingo za vipande vilivyobandikwa vinatokea kama mistari michafu, vibandikeni vilale kabisa na mpake rangi nyeupe ya kufutia kwenye kingo kabla ya kunakili.

Kufunga, kama hamna stepla yenye mkono mrefu, fungueni zine ilale kifudifudi juu ya kadibodi laini, mfungue na stepla yenyewe, mpige pini kwenye mkunjo iingie kwenye kadibodi, kisha muibandue na mpinde miguu ya pini kwa ndani. Ila mimi naona uzi ni mzuri zaidi. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, sindano ianzie ndani tundu la kati, itoke nje, iingie tundu la juu, ipite kwa ndani mpaka la chini ikiruka la kati, itoke, irudi ndani kwa la kati, fundo lifungwe juu ya ule uzi mrefu. Mkikaa watu watano mezani mnashona, stori zinazotoka pale mara nyingi ni za zine inayofuata, wekeni daftari karibu.

Nakala za kwanza ziende kwa waliomo ndani, kabla ya rafiki yeyote na kabla ya picha kuwekwa mtandaoni. Nakala mama, zile kurasa zenye gundi, zilazwe bapa kwenye bahasha kubwa, msizikunje, mtazihitaji mkitaka kurudia kunakili. Na madaftari yenye majina halisi yasikae kwenye bahasha hiyo. Yakae kwingine, kwa mtu mmoja mliyekubaliana, yule yule mlinzi wa kona.